Ndevu za Rugambwa

Watu wa Igogo walimwita Rugambwa "Beberu", naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi cherehani, Mhaya aliyehamia Mwanza kutafuta maisha, na kidevuni alifuga ndevu kama za mbuzi dume: fupi, nyeusi, zimechongoka, huku mashavu na sehemu ya juu ya mdomo akivinyoa vikang'aa. Alizianza siku za uchumba. Baba yake Leonsia alikuwa amemtazama uso ule mwororo akasema yeye haozi binti kwa mtoto. Rugambwa akaenda zake. Aliporudi, miezi kadhaa baadaye, alikuwa na ndevu, na mzee alicheka mpaka akashindwa kukataa.

"Siku ukizinyoa, mimi narudi Bukoba," Leonsia alikuwa akimtania.

"Siku nikizinyoa hutanijua," naye akimjibu.

Kila Jumapili kabla ya misa, Leonsia ndiye aliyezipunguza ndevu hizo kwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, Rugambwa amefumba macho kibarazani, binti yao Justa akicheka pembeni.

Mwaka ule watu wa mashambani walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Jovitha, dada yake Rugambwa, alikuwa ameolewa upande wa Sengerema, na salamu zikaja kwamba nyumba yake lazima ivunjwe ikajengwe upya kijijini, na mumewe alikuwa hajiwezi kwa mgongo. Rugambwa akafunga cherehani. Akatia mkasi mfukoni, akambeba Justa mpaka njiani, akamshusha.

"Nikimaliza kuezeka nitarudi," alimwambia mkewe. "Msinihesabie siku."

Akavuka ziwa kwenda Kamanga, upande wa Sengerema.

Siku ya nne, habari zilienea Igogo kwamba ziwa limetupa maiti kwenye majabali. Mtumbwi uliotoka Kamanga ulikuwa umepigwa na upepo wa mchana ukapinduka, na watu wake wote hawakuonekana mpaka siku ile. Leonsia hakushtuka sana. Mumewe alikuwa amekwenda Kamanga, hakuwa ametoka huko. Hata hivyo jirani yake, Paskazia, alimshika mkono.

"Twende tu, Mama Justa. Tukatoe wasiwasi."

Kwenye chumba cha maiti mlinzi aliwapa kitambaa chenye mafuta ya taa wajizibe pua. Maji yalikuwa yamewavimbisha marehemu, mawe yamewachubua, na nguo zilikuwa zimechukuliwa na mawimbi. Mlinzi alifunua nyuso moja baada ya nyingine, kwa haraka, maana harufu ilimzidi hata yeye. Wote walikuwa wanaume. Leonsia alitazama videvu. Kimoja kilikuwa na ndevu nyeupe za mzee. Vingine havikuwa na kitu.

"Una uhakika?" mlinzi aliuliza kwenye maiti ya mwisho. "Huyu hana mwenyewe."

"Mume wangu ana ndevu," Leonsia alisema. "Si wangu."

Njiani alitembea upesi kama aliyeponea chupuchupu. Alipofika nyumbani alipika ndizi, akamwalika Paskazia wakala pamoja, wakawasikitikia wanawake ambao waume zao walikuwa mle ndani.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha Jovitha alipoingia uani, miguu ina tope, amevimba kwa hasira. Hakusalimia.

"Wifi, kaka amenifanyia nini? Tumelala nje na watoto, mvua inatunyeshea, yeye hata kutuma neno! Yuko wapi?"

Leonsia alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulimtoka mikononi.

"Yuko kwako," alisema.

"Kwangu hajafika."

Walitazamana. 

Kesho yake walivuka pamoja. Kwenye gati la Kamanga, mama mmoja muuza mihogo aliposikia habari za fundi mwenye ndevu za beberu, aliinamisha kichwa akawa anapanga mihogo iliyokwisha kupangwa. Kisha akaonyesha kwa kidevu.

"Muulizeni yule. Anaitwa Mihayo."

Mihayo alikuwa kijana mrefu anayebeba magunia. Alipowaona wakimjia alitua gunia, akasimama kama mtu aliyekuwa akiwasubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ni mke wa Rugambwa, fundi."

Kijana alikaa juu ya gunia. Alisema siku zile yeye na wenzake walikuwa wamejipa kazi ya kulinda gati. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa na virungu, na wakishakunywa walikuwa wakiwapekua abiria, wakiwachania vijana suruali za kubana, wakiwavua kina dada mawigi. Rugambwa aliposhuka, abiria mmoja wa Igogo alimuaga kwa kumwita jina lake la utani, "Haya Beberu, kwaheri!"

"Wenzangu wakasikia," Mihayo alisema. "Wakapiga kelele, beberu kapatikana! Mabeberu tumewafukuza nchini, huyu kabakia na kidevu chao! Watu wote wakacheka. Yeye pia alicheka mwanzoni."

"Halafu?" Jovitha aliuliza.

"Wakamlaza chini. Wembe ulikuwa butu, hapakuwa na maji. Akasema, jamani, nina mkasi mfukoni, basi nikateni kwa mkasi. Hawakusikia."

"Wewe ulifanya nini?" Leonsia aliuliza.

Mihayo alitazama viganja vyake.

"Mimi nilimshika kichwa."

Jovitha alimrukia, akampiga kofi, akampiga tena. Kijana hakujikinga. Leonsia alimvuta wifi yake pembeni, si kwa huruma; alikuwa hajasikia yote.

"Endelea."

"Walipomwachia alikuwa anatoka damu hapa na hapa. Alinawa ziwani. Nikamwambia, kaka, nenda kwa watu wako. Akaniuliza, niende kwa shemeji yangu na uso huu? Hakutaka hata kungoja kivuko, kwa sababu waliokuwa wanangoja ndio waliokuwa wanamcheka. Kulikuwa na wavuvi wanatweka tanga kwenda Igogo. Akapanda nao. Alikaa amegeuzia gati mgongo."

Leonsia hakulia pale. Aliuliza siku, Mihayo akaitaja, na ilikuwa siku ileile Rugambwa aliyoondoka nyumbani.

Waliporudi Mwanza, mlinzi wa chumba cha maiti alimkumbuka Leonsia. Yule asiye na mwenyewe, alisema, walimngoja kadiri walivyoweza, kisha akazikwa pamoja na wengine wasiojulikana. Aliwapeleka makaburini. Katika pembe ya chini kulikuwa na matuta yasiyo na msalaba wala jina, mvua imeyasawazisha, majani yameota juu yake yote kwa namna moja.

"Ni lipi?" Leonsia aliuliza.

"Mama, siwezi kukudanganya."

Basi waling'oa majani kwenye matuta yote. Jovitha aliita jina la kaka yake kwa Kihaya, akalirudia kila alipohamia tuta jingine, mpaka sauti ikakauka. Mihayo, aliyewafuata kutoka Kamanga bila kualikwa, alisimama mbali nje ya makaburi, na hakuna aliyemwambia aingie wala aondoke.

Nyumbani, Paskazia alikuwa ameshaondoa viti ndani kwa ajili ya waombolezaji. Justa alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani. Leonsia alipiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, baba amekufa. Amezama ziwani."

Mtoto alimtazama usoni.

"Nani amesema?"

"Watu waliokuwepo."

"Wewe umemwona?"

Paskazia alitoka nje, mkono mdomoni. Leonsia angeweza kusema hapana, na nusu ya neno hilo ingekuwa kweli.

"Nilimwona," alisema.

"Sasa mbona hukumleta?"

Leonsia alimvuta mwanawe kifuani ili asiendelee kumtazama usoni. Nje wanawake wa mtaa walikuwa wameanza kuingia uani mmoja mmoja, na wa kwanza wao akaanza kulia.