Gari Lisilopenda Vumbi

Saa nne asubuhi gari jipya la Lorna Kuchel lilitoka gereji kuelekea mashamba ya ngano ya kaskazini mwa mji mdogo wa Kimba. Fundi Brenton aliendesha, Lorna akakaa kando.

Lorna alikuwa amekwisha kulalamika gerejini mara mbili. Huku lami inatosha gari moja, na ukikutana na lori unashusha magurudumu ya kushoto kwenye changarawe. Mfumo wa gari lake wa kulizuia lisitoke kwenye njia ulikuwa ukilirudisha kwenye lami, mbele ya lori. Akiuzima mfumo huo, unajiwasha tena kila anapowasha gari. Alitaka uzimwe kabisa.

"Halina kasoro, mama," Brenton alisema. "Linakuzuia usitoke barabarani."

"Na lori litazuiwa na nani?"

"Wewe unapigana na usukani. Liache lifanye kazi yake."

"Haya, mwanangu. Mimi nimenyamaza."

Baada ya kilomita chache likatokea lori la ngano. Dereva wake aliinua kidole kusalimia, akashusha upande wake kwenye changarawe. Brenton naye akashusha. Usukani ukamrudisha kwenye lami. Akashusha tena, ukamrudisha tena, safari hii ukipiga kengele.

"Liache lifanye kazi yake," Lorna alisema.

Brenton aliukamata usukani kwa mikono miwili na kuuzungusha kwa nguvu zote. Gari likaishia kwenye magugu. Lori likapita, dereva akicheka.

"Sasa nimeliona tatizo," Brenton alisema.

"Mimi nililiona Jumatatu."

Saa tano na nusu, gerejini, Brenton aliuzima mfumo kabisa, akamkabidhi Lorna ufunguo.