Likizo ya Karafuu Kojani

Mwatima binti Ame alikuwa mtu wa kuuliza, toka udogo wake. Ukimwambia fulani amefariki, atamrehemu kwanza, kisha atataka kujua aliugua nini, nani alikuwa naye na maneno yake ya mwisho yalikuwa yepi. Watu wa Kojani, kijisiwa cha pembeni mwa Pemba, walishamzoea. Wengine, wakiwa na haraka zao, wakimwona kwa mbali hukata njia.

Siku Mzee Khatib, sheha na kiongozi wao, aliporudi kutoka mjini Chake Chake, watu walijaa barazani kwake kusikia jawabu. Wanaume walikaa nje juu ya majamvi, wanawake ndani nyuma ya dirisha. Wazazi walikuwa wameomba serikali iwasaidie chumba cha pili cha skuli na mwalimu wa pili. Skuli ya Kojani siku hizo ilikuwa chumba kimoja tu. Watoto waliokosa nafasi ndani walisomea upenuni, na mvua ya upande ikija, madaftari hugeuka uji.

"Wamekataa," akasema Mzee Khatib, naye hakutaka kuzungusha maneno. "Wasema hawawezi kutoa mabati na mshahara kwa skuli ambayo watoto wake hutoweka. Leo wamejaa, kesho hawapo. Wasema watu wa Kojani hawataki kusoma."

Baraza ikachafuka. Mmoja akasema wamenyimwa kwa ajili ya chama. Mwengine akamuuliza chama gani, maana miaka ile kila jambo, hata harusi na matanga, lilikuwa likigeuzwa siasa. Sauti zikaanza kupanda.

"Mzee Khatib, niwie radhi," sauti ikatoka dirishani. "Hao watoto hutoweka wakati gani?"

"Wakati gani vipi?"

"Nauliza tu. Watoto hawayeyuki. Huenda pahala, na huenda kwa wakati wake."

Mzee Khatib akajua ni nani, wala hakuhitaji kugeuka. "Mwulize mwalimu, mwanangu. Mimi nishachoka na safari."

Mwatima hakulala na jambo. Alasiri ile ile alifunika sahani ya mikate ya kumimina, akajitanda buibui lake, akaenda kwa Mwalimu Pandu. Mwalimu alikuwa kijana wa Makunduchi. Matamshi yake yaliwachekesha watoto, na ya watoto mara nyengine yalimpita juu ya kichwa.

"Kufungua skuli baada ya likizo kubwa," akasema mwalimu, akishukuru kwa mikate. "Hapo ndipo wanapopotea. Wavulana hasa. Wakati wa likizo wenyewe wamejaa pwani, wanarushiana mawe. Nikipiga kengele tu, hamna mtu."

Mwatima akaitikia kwa kichwa. Hilo alilijua bila ya kujua kuwa analijua. Miezi ya likizo ndiyo ya kusi; upepo huo wa kusini ukivuma kwa nguvu, vyombo vingi hupandishwa pwani na wanaume hukaa nyumbani kushona nyavu. Bahari ikitulia, huenda dago, zile kambi za uvuvi za mbali ambako mtu hukaa hata mwezi na zaidi. Wana wao huwachukua, wakateke maji, wapike na waijue bahari. Mumewe Jaribu kila mwaka alimchukua mtoto wao, Ame, aliyepewa jina la babu yake.

"Na likizo hiyo kubwa," akauliza, "kwa nini ikawa wakati ule?"

"Ni ya karafuu, bibi. Skuli hufungwa watoto wakawasaidie wazee wao kuchuma."

"Hapa Kojani umeona mkarafuu?"

Mwalimu akacheka. "Nimezunguka kisiwa chote sijauona hata mmoja. Nilidhani nyinyi wenyewe ndio mlioitaka likizo hiyo."

"Sisi hatukuitaka."

"Basi aliyeitaka nani?"

Sahani ya mikate ilikuwa baina yao na hapana aliyegusa tena.

Haikupita wiki, Mzee Khatib alikubali kurudi Chake Chake, safari hii na wazazi wawili. Mmoja Mwatima. Wa pili alikuwa jirani yake, Mwanakhamis, mwanamke aliyeachwa na mumewe akabaki na binti mmoja, Moza, aliyekuwa akisoma darasa moja na Ame. Mwanakhamis hakuwa mwingi wa maneno, lakini kila likija jambo la skuli yeye ndiye wa mwanzo kufika. Walivuka kwa mtumbwi asubuhi, wakapanda gari la abiria juu ya magunia ya muhogo, wakafika Chake migongo ikiwauma.

Ofisini walipokewa na Bwana Kificho, mkaguzi wa skuli, mtu mrefu aliyezoea kuinama milangoni. Aliwaamkia vizuri, akawaagizia chai. Macho ya Mwatima yalikuwa ukutani, kwenye ramani kubwa.

"Hii ndiyo Pemba?"

"Ndiyo hii."

"Kojani ni wapi?"

Bwana Kificho akainuka, akaweka kidole.

"Ondoa kidole, Bwana, nipaone. Umepafunika pote."

Bwana Kificho akaondoa kidole akicheka, na Mwatima akasogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi. Alipatazama pahala pale kwa muda. Kijitone tu, na ndani yake mna msikiti, visima, makaburi ya wazee wake, na mtoto wake anayesomea upenuni.

Kisha akasema alichokuja kukisema. Watoto wa Kojani hawaikimbii skuli. Skuli hufungwa wakati wapo na hufunguliwa wakati wanaondoka. Isogezwe likizo, ifuate dago, halafu watazame kama chumba kimoja kitatosha.

Bwana Kificho alisikiliza, akaiweka chini kalamu. "Mtihani wa kwenda madarasa ya juu ni siku moja kwa skuli zote," akasema. "Hautawangoja nyinyi. Na mwalimu wenu ana wazee wake Unguja, likizo yake huenda na wenzake. Haya nitawauliza wakubwa zangu, na mwalimu ataulizwa mwenyewe. Lakini nina suala langu. Hapana watu wa Kojani wanaokwenda kuchuma karafuu kwenye mashamba ya watu?"

"Wachache," akasema Mwatima.

"Mimi mmoja wao," akasema Mwanakhamis.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa toka wafike. Mwatima akamgeukia.

"Kila mwaka nakwenda kuchuma," Mwanakhamis akaendelea, akimtazama mkaguzi wala si jirani yake. "Mwanangu huwa nami. Skuli ikiwa wazi wakati ule, basi atakayetoweka ni Moza. Mimi nimekuja kuomba chumba, Bwana. Hili la likizo nalisikia hapa, kama unavyolisikia wewe."

Mzee Khatib akakohoa. Mwatima alihisi uso wake ukiwaka moto chini ya buibui. Alikuwa ameuliza kila mtu, mwalimu, sheha, hata mwenye gari, akamsahau mtu wa nyumba ya pili.

"Nendeni mkapatane," akasema Bwana Kificho kwa upole. "Na jengine, bibi. Waume zenu watawarudisha watoto siku skuli inapofunguliwa? Hilo siwezi kumuuliza mtu ila nyinyi."

Njia nzima ya kurudi Mwanakhamis alitazama pembeni, na Mwatima, jambo la nadra kwake, hakuuliza kitu.

Asubuhi ya pili Mwatima alibisha hodi kwa jirani yake.

"Karibu," Mwanakhamis akamjibu kwa sauti kavu, huku akisuka ukili wa mkeka.

"Mwenzangu, nimekuja kukuuliza. Jana ilikuwa nikuulize kabla, nikafanya pupa. Moza huko kwenye karafuu anafanya nini?"

Mwanakhamis akasuka kidogo kabla ya kujibu. "Hafanyi kitu cha maana. Anachambua chambua karafuu tu, kisha analala juu ya jamvi. Kwani namchukulia kazi? Nimwache na nani? Mama yangu kafa, ndugu yangu yuko Gando. Mtoto wa kike simwachi nyumba tupu."

"Ukimwacha kwangu?"

Mikono ya Mwanakhamis ikasimama. "Kwako una mume na mtoto wako."

"Nina mkeka wa ziada vilevile. Atalala na mama mkwe wangu, Bi Time, mtu asiyepitisha hata paka usiku. Atakwenda skuli, atarudi, atakula tulacho."

"Na hili mbona hukuniuliza kabla ya kwenda kunidhalilisha mbele ya watu?"

"Sikujua kuwa lipo la kuuliza," akasema Mwatima. "Niwie radhi."

Mwanakhamis akaushika tena ukili wake. Hakusema ndiyo. Alisema, "Moza hali pweza, humtoa vipele." Mwatima akajua wamepatana.

Jaribu alikuwa kazi ngumu zaidi. Alirudi kutoka baharini Ijumaa, akaoga, akala, akamsikiliza mkewe mpaka mwisho. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na mtu wa namna hiyo humchosha anayependa majawabu.

"Sikatai skuli," akasema. "Lakini mtoto nisipomfunza bahari sasa, akiwa mkubwa nani atamfunza? Bahari haina darasa la watu wazima."

"Ndiyo maana twataka likizo iwe wakati wa dago. Aende nawe, kisha arudi."

"Arudi siku gani?"

"Siku ya kufungua."

Jaribu akatabasamu kwa upande mmoja. "Samaki na upepo nao mmewaambia siku hiyo?"

Mwatima akamuuliza jambo ambalo miaka yote ya ndoa hakuwahi kumuuliza. "Wewe skuli umepata kuingia?"

"Kufanya nini?"

"Kutazama tu."

"Mtu mzima na ndevu zangu, nikasimame dirishani?" Lakini Jumatatu yake, Mwatima alipopita na ndoo ya maji, alimwona mumewe kasimama upenuni mwa skuli, mikono nyuma, kama mtu anayengoja mvua ipite. Jua lilikuwa kali. Jioni Jaribu alisema tu kwamba Ame kakaa chini kabisa, nyuma, na miguu ya wenzake usoni, na kwamba hajui mtu aliyekaa vile anajifunza nini. Kisha akaongeza, "Nitajitahidi kumrudisha. Kuahidi, siahidi."

Jawabu la Chake lilikuja kupitia Mzee Khatib. Wakubwa wamekubali kwa majaribio, mwaka mmoja. Mtihani utabaki pale pale, na wa darasa la nne, ndio wenye mtihani, hawatakwenda dago kabisa mwaka huo. Mwalimu Pandu alikubali kukaa wakati wenzake wanakwenda kwao, akasema ataonana na mamake baadaye. Siku ya kufungua mkaguzi atakuja mwenyewe kutazama.

Karafuu zikaiva ng'ambo, Mwanakhamis akaenda kuchuma, Moza akahamia kwa Bi Time. Siku za mwanzo alilia kimya kimya, akimgeuzia bibi mgongo. Baadaye akazoea, akawa ndiye anayemwamsha. Kengele ikipigwa huku kusi likivuma, watoto walikuwapo, na wavulana wa kurusha mawe walikosekana pwani. Bahari ilipotulia skuli ikafungwa, na vyombo vikaondoka na wana.

Ikaja siku ya kufungua.

Bwana Kificho alivuka mapema, suruali kaikunja magotini, viatu mkononi. Akina mama walisimama uwanjani mwa skuli tangu alfajiri, na Mwanakhamis alikuwamo, karudi karafuu zilipokwisha. Vyombo vilikuwa vimerudi kwa mfululizo, kimoja jana, viwili usiku, chengine hata chumvi haijawakauka waliomo. Wavulana waliingia darasani macho mekundu, wengine na magamba ya samaki kwenye vifundo vya mikono. Chumba kikajaa, upenu ukajaa, na wa mwisho walikaa juani. Mkaguzi alipita baina yao akiruka magoti ya watoto.

Chombo cha Jaribu hakikurudi.

Mwatima alitazama njia ya pwani mpaka shingo ikamuuma. Hofu na aibu zilimjia kwa pamoja, hata akashindwa kujua ipi ni ipi. Bwana Kificho alipotoka akamsogelea.

"Watoto wapo, bibi. Na wako yuko wapi?"

Mwanakhamis alimshika Mwatima mkono kwa nyuma, kama wa kumzuia. Lakini Mwatima akasema, "Wangu hajafika, Bwana. Yuko na babake baharini. Mimi niliyekuja kusema ndiye niliyeshindwa."

Mkaguzi akatazama watoto waliokaa juani. "Hukushindwa," akasema. "Mmoja akichelewa, nitaandika kachelewa. Mwanzo nilikuwa nikiandika wote hawapo."

Jaribu alifika baada ya siku tatu. Tanga lilipasuka, wakalishona na kurudi kidogo kidogo kandokando ya ufukwe. Mwatima alimpokea kwa kilio, kisha kwa ghadhabu, kisha akamtilia chai. Jaribu hakujitetea. Alimshika Ame mkono, na harufu ya bahari bado iko nguoni mwao, akamfikisha mpaka mbele ya Mwalimu Pandu, akasema, "Mwalimu, kosa langu. Mtoto hana lake."

Mabati yalikuja mwaka uliofuata, pamoja na mwalimu wa pili, kijana wa Wete aliyeogopa mtumbwi. Mawe waliyavunja wenyewe, chokaa wakaichoma wenyewe, na wanaume wa vyama vyote viwili walipokezana ndoo bila ya kuamkiana. Likizo iliendelea kufuata dago. Si kila mwaka ilikwenda vizuri. Mwaka mmoja kusi lilikawia kutulia, vyombo vikachelewa kutoka, na watoto wakarudi wamechelewa tele, hata Mzee Khatib akaitwa Chake kujieleza.

Mwaka ule wa mabati, chumba kilipomalizika kuezekwa, kabla watoto hawajaingia, Mwatima alikwenda peke yake asubuhi. Kulinukia chokaa mbichi. Akakaa chini kabisa, nyuma, akaegemea ukuta na kunyoosha miguu, akatazama ubao mweusi usio na kitu. Mwanakhamis alimkuta pale.

"Watafuta nini humu, Mwatima?"

"Natazama wanachokiona wakikaa hapa," akasema, na akasogea kidogo kumpisha mwenzake akae.