Siku Veijo Alipolazimishwa Kuongea

Mume wangu Veijo si mtu wa maneno. Miaka arobaini na moja ya ndoa nimejibiwa kwa kutikisa kichwa, na huku kwetu Kuhmo, Ufini, hakuna anayeona ajabu. Ndiyo maana Jumamosi ile nusura nimpoteze. Tulikuwa tumetoka sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, nikamuuliza kama atakula soseji. Kimya. Nikauliza tena, kimya. Mara ya tatu hata Veijo hujibu. Nikageuka, nikakuta kikombe kimemponyoka mkono wa kulia, mdomo unatafuta neno haulipati.

Baada ya dakika kumi akarudi sawa, akasema ni joto tu, limepita. Nikamwambia joto la sauna amelijua tangu utotoni na halijawahi kumfunga ulimi. Nikapiga simu ya dharura, yeye akininunia.

Hospitalini Daktari Sanelma alimwonyesha picha: mshipa wa kushoto wa shingo, unaopeleka damu kwenye ubongo, umekakamaa na kujaa mafuta, umebaki upenyo wa kupitisha uzi. Kipande kikimeguka, alisema, atapooza au atakufa, na huenda ikawa wiki hii hii. Veijo akasema haumwi popote.

"Ndiyo ubaya wake, mzee," daktari akamwambia. "Hauumi mpaka siku unapokuangusha."

Veijo amechimba visima maisha yake yote. Bomba lililoziba analijua. Aliitazama picha ile, uso ukamsawijika, akasema lisafishwe.

Wangempasua akiwa macho, shingo imetiwa ganzi tu. Wakiubana mshipa, ilimpasa aongee bila kukoma. Akinyamaza, wajue ubongo umekosa damu. Nilitaka kulia.

"Daktari, huyu mtamdhania amekufa hata hamjaanza," nikasema.

Nilikaa nje nimekumbatia koti lake, roho juu. Kisha muuguzi akatoka anafuta machozi ya kicheko. Mzee wako, alisema, ameongea dakika arobaini: visima, samaki, gauni langu la kijani siku tuliyokutana kwenye dansi, na jinsi anavyonipenda. Hilo la mwisho mimi sikuwahi kulisikia.

Nikaingia. Mkono wake wa kulia ukanishika kwa nguvu zote. Nikamuuliza kwa nini wageni ndio wameambiwa kwanza.

"Waliniambia nikinyamaza nakufa," akasema. "Na mimi bado nakutaka."

Nikalia bila aibu, furaha imenijaa. Nikamwambia asithubutu kunyamaza tena, nikavuta kiti nimsikilize.