Vidonge vya Kusafisha Damu

Baba mkubwa wetu hajawahi kukaa kwenye kikao asichokiongoza. Daktari alisema mdogo wangu atafanyiwa upasuaji wa uvimbe kesho asubuhi. Alihitaji chupa mbili za damu, benki ya damu ilikuwa nayo moja, na ndugu tulitakiwa kuleta mchangiaji wa ya pili leo hii. Niliporudi nyumbani na habari hiyo, kikao kilianza kabla sijavua viatu.

"Ukoo huu hauombi damu kwa watu," alisema. "Tunakwenda wote. Lakini hatuendi na damu chafu."

Akapita duka la dawa, akarudi na antibaotiki, vile vidonge vyenye rangi mbili, nyekundu na njano. Alitugawia kimoja kimoja, akachukua na chake, jagi la maji likazunguka. Nilimeza. Nina diploma na nilimeza, kwa sababu kwetu ukimbishia baba mkubwa unaitwa mjuaji mpaka uzeeke.

Benki ya damu ni chumba chenye mizani, kitanda, friji inayonguruma na pazia lisilozuia hata neno moja. Muuguzi alikuwa mama asiye na haraka, kalamu yake imefungwa uzi mezani isije ikaibwa.

Binamu yangu wa mazoezi, yule anayeshinda amevua shati, aliingia wa kwanza. Tatuu ya mwezi uliopita, yenye hatari ya maambukizi, ikamrudisha kwenye benchi. Shangazi alikutwa na presha ya juu. Akasema imepandishwa na ngazi, ingawa hatukupanda hata moja. Kisha akaingia kaka.

"Umetumia dawa yoyote siku hizi?"

"Ya kusafisha damu tu, dada. Leo asubuhi."

Muuguzi alifungua pazia akauliza nani mwingine amemeza. Mikono ilinyooka benchi zima, tena kwa fahari.

"Jamani. Antibaotiki haisafishi damu. Inaweza kuficha ugonjwa, mgonjwa akaupokea. Mtasubiri wiki mbili."

Mdogo wangu hakuwa na wiki mbili. Alikuwa ghorofani, amevuja damu mwezi mzima, midomo imempauka. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na nusu yake nilijikasirikia mwenyewe.

"Na wewe, mzee?"

"Mimi ndiye niliyewatangulia kumeza," alisema baba mkubwa kwa masikitiko. "Isingekuwa hivyo, ningetoa hata chupa mbili." Akachomoa leso mfukoni, akajifuta jasho usoni taratibu.

Leso ilipoondoka, kidonge kilibaki. Kilikuwa kimemganda juu ya nyusi, nyekundu huku na njano huku, kimelainika kwa mate ya asubuhi.

Hakuna aliyecheka. Tulimtazama tu, naye akatutazama asijue tunatazama nini, mpaka shangazi alipokibandua na kumwekea kiganjani.

"Hapa hatumlazimishi mtu," muuguzi alisema. "Kama hutaki, sema tu."

"Naogopa sindano," alisema baba mkubwa, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kikaoni. "Tangu utotoni."

"Mwanao huko juu anaogopa kisu," nilimwambia. "Yeye tumwambie nini, baba mkubwa?"

Baba mkubwa akaanza kukunja mkono wa shati.

Mizani ilimkubali, presha ilikuwa sawa, na tone la kidoleni likapita. "Damu yako nzuri sana, mzee," muuguzi alisema. "Haikuhitaji dawa." Sindano ilipokaribia aliomba nimshike mkono. Nilimshika, nikambana vidole kuliko ilivyohitajika.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mdogo wangu alipozinduka na kupata nguvu ya kuongea, jambo la kwanza alilouliza ni nani aliyemchangia.

"Baba mkubwa."

"Alilia?"

Nje ya mlango baba mkubwa alikuwa anawasimulia wageni jinsi alivyojitolea wa kwanza, plasta bado iko mkononi.

"Alilia," nilisema.