Ukelele wa Nyundo

...na sasa hata mate hawezi kumeza, bomba limeegeshwa chini ya ulimi linamnyonyea, mdomo umeachama kama mlango wa gereji, na daktari wa meno, ambaye hajanyamaza tangu amtambue, anamwambia asifunge, gego limeoza mpaka kwenye mzizi, naye mwimbaji wa roki, miaka ishirini na miwili ya kufoka jukwaani, amelala chali kama mtoto anayekatwa kucha, akikodolea taa, akiwaza saa nane... saa nane ni mazoezi, na lazima amwambie Nyundo, mpiga ngoma wao, kwamba basi, bendi haimtaki tena, kaka ameshanunua mashine ya ngoma, na kaka, kwa kuwa ni mkubwa na ndiye mwenye gitaa na gari, ameamua na kumwachia yeye kusema, wewe ndiye mwenye mdomo, alisema kaka, haya, mdomo wenyewe ndio huu, umejaa pamba... kosa la Nyundo ni kupiga kwa nguvu, siku hizi wanaitwa kwenye sherehe za makampuni, watu wanataka kula na kuzungumza, juzi meneja mmoja alikuja kuomba wapunguze, Nyundo akaongeza, na zamani wote walikuwa hivyo, wakifanya mazoezi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, majirani wakigonga mabati wanyamaze, mtangazaji akisema redioni kwamba ule si muziki, ni ajali ya magari, nao wakayaandika maneno hayo kwenye fulana wakazivaa mwaka mzima... mashine ya kutoboa jino inalia, fuvu zima linatetemeka, na daktari anasema yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na saba, anakata vitambaa dukani kwa baba yake, baba ameshaamua atazeekea humo humo, mpaka siku aliposikia ule wimbo wao, hasa pale mwisho.

"Ukelele wako ule," anasema daktari, "ndio ulionitoa dukani. Niliweka mkasi chini nikamwambia baba, hapana."

Wako... lakini siku ile ya kurekodi studio sauti yake ilikuwa imekauka, alifungua kinywa ikatoka hewa tupu, na aliyesimama nyuma ya ngoma akapiga ukelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni ni Nyundo, na wimbo ulipovuma watu wakampongeza yeye mwimbaji, akatabasamu, akazoea, na Nyundo, mtu asiyeweza kumpunguzia meneja hata pigo moja, hilo amelinyamazia miaka yote, hajawahi hata kumtania nalo... si mimi, anajaribu kusema, si mimi, inatoka hi hihi, na daktari anainama kwa huruma.

"Inauma? Ngoja nikuongeze ganzi."

Sindano inazama kwenye ufizi, nusu ya ulimi inakufa, na yeye anajua kwamba saa nane atafika na mdomo mzito upande mmoja, hatamfukuza Nyundo, atakiri mbele yake na mbele ya kaka kwamba sauti ile inayopendwa ni ya Nyundo, kaka akitaka kubaki na mashine yake abaki nayo, na Nyundo akitaka kumtukana amtukane, anayo haki, ila anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa umati wowote, na daktari anamwambia atanue zaidi kidogo, naye anatanua...