Chemchemi za Kitabu cha Nne

Vitabu vililetwa kwetu Nefta kutoka Tunis, kumi vya mfululizo mmoja kuhusu nchi yetu, tuvikague kabla shule haijanunua. Bi Radhia, mkutubi wa shule, aliniita nivisome. Mimi niliacha shule darasa la tano, na ndiyo sababu ananiita.

"Ukielewa wewe, Mabrouka, na watoto wataelewa," husema. "Ukikwama, kitabu ndicho kibaya, si wewe."

Kitabu cha nne kilihusu mashamba ya mitende. Jalada lilikuwa jipya, linang'aa. Ndani, ukurasa mzima, nikamwona baba yangu enzi za ujana wake, maji yamemfika magotini, anafungua mfereji kwa jembe. Chini wameandika: "Mgawa maji wa Nefta. Chemchemi hububujika usiku na mchana."

Nikaomba ruhusa, nikaenda nacho nyumbani.

"Tazama masharubu yale!" Baba alicheka. "Mama yako aliyapenda hayo. Mimi alinivumilia tu."

Hajui kusoma, nikamsomea. Akaishika picha muda mrefu.

"Kitawekwa maktabani?"

"Bi Radhia ataniuliza mimi, Baba."

"Mwambie kinafaa. Watoto wa hapa wananiita Mzee Vumbi. Wacha wanione."

Asubuhi nilimkuta Bi Radhia anapanga vile vingine rafuni. Nje watoto walikuwa kwenye foleni ya lori la maji, kila mmoja na kidumu chake.

"Hiki cha nne je?"

Niliinamisha kichwa.

"Sema, mwanangu, sikuli. Yaliyomo ni ya kweli?"

"Chemchemi zilikauka kabla sijazaliwa," nilisema.

"Niliona. Maneno ya zamani wameyavika jalada jipya. Nilitaka kusikia kwako."

"Lakini picha ni ya kweli, Bi Radhia. Yule ni baba yangu."

Akaketi. Akaitazama picha, kisha akanitazama mimi.

"Pole," alisema. "Mtoto akisoma maji yapo, atanijia mimi aniulize yako wapi. Nimwambie nini?"

Akaninyooshea kitabu, hakusema nikiweke rafuni wala nikirudishe kwenye boksi la Tunis. Nadhani alitaka niamue mimi. Nikakirudisha.

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa jubba lake la Ijumaa na kofia nyekundu. Alidhani watoto wakishakiona kitabu watakuja kumwuliza habari za maji.

"Kimepita?"

"Hakikupita, Baba."

"Nimetoka vibaya?"

"Umetoka vizuri sana. Ni maji tu."

Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Ungewaambia yatarudi," alisema.

Niliingia jikoni. Maji ya kidumu yalikuwa yamebaki kidogo, nikachemsha chai ya glasi moja. Nikampelekea.