Alipewa, Hakumeza

Mamangu alipoanguka wodini mara ya pili, habari nilipewa na mfagiaji wa hospitali anayekaa nyuma ya nyumba yetu Kibokoni. Hospitali yenyewe haikunituma mtu. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1996, na mamangu, Bi Mwanabaraka, alikuwa na siku tisa kitandani kwa ajili ya presha.

Nilitoka Shimanzi, kwenye godauni ninakoshona magunia, nikafika saa kumi na kikapu cha futari. Nikamkuta amefungwa bandeji juu ya jicho.

"Ni kizunguzungu tu," aliniambia. "Nyamaza weye, usinitie aibu mbele za watu."

Muuguzi wa wodi, Sista Mwikali, alikuwa akipita. Nikamsalimu, nikamwuliza vipi mtu aletwe hospitali apone, kisha aanguke jioni mara mbili.

"Presha yake ya asubuhi haishuki, mama," alisema. "Daktari ameshamwongezea, anapata vidonge viwili kila mara. Kesho atamfikishia vitatu. Lakini mamako ni mgonjwa mzuri, hasumbui mtu."

Vitatu! Na viwili vimempasua uso. Nikaomba kuiona karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Mwaka uliopita nisingethubutu. Sasa nilikuwa na miezi minane katika darasa la jioni kule Bondeni, na kwa rehema za Mungu nilikuwa nasoma, polepole, kwa kidole. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku: kila mahali palitiwa alama kwamba dawa imetolewa. Siku tisa, bila pengo hata moja.

Saa nane mchana? Mamangu amefunga, hata mate huyatema. Vidonge vya saa nane alivimeza na nini?

Kengele ya kuwatoa wageni ililia saa kumi na mbili jioni. Sikuondoka. Askari akaja, "Mama, muda umekwisha."

"Leo hunitoi."

Alinitazama usoni, akaenda zake.

Adhana ya magharibi ilipotoka, mamangu alisema Bismillahi, akala tende, kisha akafungua fundo katika pindo la leso yake. Vidonge vinne vyeupe: vya asubuhi na vya mchana. Vilikuwa vinaelekea mdomoni nilipomshika mkono.

"Mama! Vyote pamoja? Ndiyo maana waanguka!"

"N'shapewa. Nivitupe?"

"Mgonjwa ameruhusiwa kula mchana, Mama. Mola mwenyewe amemruhusu."

"Hiyo ni ya wagonjwa," alinijibu, naye kalala na bandeji yake.

Kitanda cha jirani alilala Bi Sidi, mama wa Kigiriama aliyepooza upande wa kulia. Akacheka. "Mwenzangu ana duka la dawa kwenye leso. Kila magharibi mimi nalitazama likifunguliwa."

Nikamwita Sista Mwikali, nikamwonyesha vile vidonge, kisha karatasi. "Wewe ndiye uliyetia alama hizi?"

"Nilimpa! Nilimtia mkononi."

"Ulimwona akimeza?"

"Mama, nina wagonjwa arobaini na niko peke yangu. Nikisimama kwa kila mmoja, nitamaliza lini?"

"Basi usiandike."

Jioni ile mamangu alimeza kidonge kimoja tu, mimi nikimtazama, na hakuanguka.

Siku ya pili sikwenda kazini. Nilisali alfajiri nikamwomba Mungu anizuie nisitukane mtu, nikatangulia wodini. Daktari Barnabas alifika saa tatu, kalamu i mkononi tayari.

"Daktari, kabla hujaandika," nikasema, nikamweleza yote.

Akamgeukia mamangu kwa ukali. "Bibi, mbona hukusema kwamba unafunga?"

"Kuna aloniuliza, mwanangu? Mwaniuliza choo, mwaniuliza usingizi. Saumu hamkuniuliza."

Daktari akafuta maandishi yake. Akarudisha kidonge kimoja kimoja, akapanga saa upya: wakati wa daku, wakati wa kufuturu, na kabla ya kulala. Chini yake akaandika kwamba muuguzi asiondoke mpaka mgonjwa ameze. Nikamshukuru Mungu. Lakini hasira haikunitoka, kwani macho yangu yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye karatasi ya Bi Sidi. Na yeye alama zake zilikuwa kamili.

"Na huyu, ambaye hafungi," nikauliza, "yeye humeza?"

Bi Sidi hakucheka safari hii. Akaonyesha kwa kidevu kabati dogo lililowekwa kuumeni kwake, upande ule uliokufa. Nyuma ya chupa ya maji vidonge vilikuwa vimerundikana, vingine vimeshaanza kulainika kwa unyevu.

"Huniwekea hapo," alisema. "Mkono wangu haufiki. Nikiita, mtu ameshafika mwisho wa wodi."

Daktari alivihesabu mwenyewe: kumi na kimoja. Sista Mwikali, aliyefuatana naye na toroli la dawa, alijishika kichwa. Nilimwona amechoka, na nilimwonea huruma, lakini sikusema neno la kumfariji, maana Bi Sidi ndiye aliyekuwa akifa.

"Acha toroli," Daktari alimwambia. "Tuanze kitanda cha kwanza. Inua kila mto."

Chini ya mto wa kwanza mlikuwa na vidonge vitatu. Nilichukua jagi la maji ya kumezea, nikawafuata.